Mama Chekeche na Kapsuli Nyeupe

Jina la Mama Chekeche halikumjia bure. Kazi yake ni kuchanganya unga katika kiwanda kidogo cha vidonge vya lishe, na hakuna unga unaoingia kwenye pipa lake bila kupita kwenye chekeche. Ukimletea uliokwisha kuchekechwa, anauchekecha tena. Ukimletea umbea, nao anauchekecha, na wengi wamerudi na makapi yao mkononi. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na anajijua. "Mchanganyaji kama mimi hapa hamna," husema, na wala haringi; anasema kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne.

Mimi namwamini, maana kazi yenyewe si ya mchezo. Kapsuli zinazotoka sana pale ni za wajawazito. Ndani mna asidi ya foliki, vitamini ya rangi ya manjano inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto uumbike sawasawa. Kinachotakiwa katika kila kapsuli ni chembe tu. Kilichobaki ni unga mweupe wa kujazia. Sasa, ukiimwaga ile vitamini yote mara moja ndani ya pipa na kuliacha lizunguke, itakaa mabonge mabonge, huku imejaa, kule hakuna kitu. Kwa hiyo Mama Chekeche huanzia kwenye bakuli. Manjano kidogo, nyeupe kiasi hicho hicho, anakoroga mpaka visijulikane kipi ni kipi. Anaongeza nyeupe sawa na kilichomo, anakoroga, anaongeza tena, hivyo hivyo mpaka bakuli liwe beseni na beseni liwe pipa. Kiuno kinawaka moto. Haraka haraka haina baraka, na kwenye pipa lile haina hata vitamini.

Mumewe yuko chumba cha pili, ndiye fundi wa mashine ya kujaza kapsuli. Mtu mwema, mcheshi, ila subira alipewa kwa kijiko cha chai. Bosi wao, mama mmoja mfupi asiyerudia neno, alishamwonya siku alipoiacha mashine ikimwaga unga sakafuni huku yeye akisimulia mpira. Alimwambia kosa la pili ni mlango. Basi Mama Chekeche alipokwenda kumzika shangazi yake, ikaja oda ya haraka ya kliniki, na huyu bwana akajitosa. "Pipa ni pipa tu," akasema, "nitachanganya mimi."

Kiwandani wana desturi yao: kila mkupuo, yaani pipa zima la unga likishajazwa kwenye kapsuli, ukikamilika, kila mfanyakazi hupewa chupa moja ya kwenda nayo nyumbani. Jumapili binti yao mkubwa, mwenye mimba changa, alipokuja kuwasalimu, baba akamkabidhi chupa yake kwa madaha. Mama Chekeche alikuwa amerudi jana yake kutoka msibani. Akaichukua, na kwa mazoea tu akafungua kapsuli moja juu ya kisahani. Nyeupe pe, kama unga wa ugali. Akafungua ya pili, nayo nyeupe. Ya tatu ikatoka manjano iliyokolea kama bizari.

"Mwanangu, hizi niachie. Nitakupa za mkupuo wa zamani," akasema. Binti alipokwisha kuondoka, akamgeukia mumewe. "Baba watoto, hizi zilipimwa?"

"Zilipimwa maabara, zikapita. Kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichomo."

Na hakusema uongo! Hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Maabara huchukua kapsuli ishirini, hufungua zote, husaga pamoja, hupima. Jirani mmoja akila kuku mzima na mwingine akalala njaa, kwa hesabu ya namna hiyo kila mmoja amekula nusu kuku. Lakini mjamzito hamezi kapsuli ishirini zilizosagwa. Anameza moja, ile iliyomwangukia.

Mama Chekeche akamwaga kapsuli kiganjani na kumnyooshea mumewe. "Haya. Mchagulie mwanao ya leo."

"Mke wangu..."

"Chagua. Halafu mchagulie na ya kesho."

Mume akafungua moja. Nyeupe. Akafungua nyingine, nyingine tena. Akakaa chini.

"Ile vitamini niliitia yote mara moja," akasema. "Nilidhani pipa litachanganya lenyewe. Lakini nikisema nafukuzwa, unajua. Karatasi ya maabara ipo, nani atajua?"

"Mimi najua. Gari la kliniki linakuja kesho. Kabla halijaingia getini uwe umesema."

"Na nisiposema?"

"Sema tu, baba watoto."

Alinuna usiku kucha, akageukia ukutani. Mama Chekeche hakubembeleza. Aliumia, tusidanganyane, wamelea watoto kwa mishahara miwili na mmoja ulikuwa mbioni kuondoka. Lakini shaka hakuwa nayo hata chembe.

Asubuhi mume akaingia ofisini kwa bosi, kofia mkononi, mkewe nyuma yake. Akaeleza yote, akaweka kisahani mezani, akafungua kapsuli. Bosi akapiga simu kliniki kuwaambia wasilete gari.

"Umefanya vizuri kusema," akamwambia. "Mkupuo wote unamwagwa, na utaumwaga wewe. Ukimaliza, kazi hapa huna. Nilikuonya."

"Sawa, bosi."

Bosi akamgeukia Mama Chekeche. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Ukanyamaza."

"Nilimwachia aseme mwenyewe. Ni mume wangu, nilitaka atoke hapa na heshima yake."

Wakashinda stoo wakikata maboksi, chupa baada ya chupa, wakimwaga kapsuli ndani ya pipa la maji zilainike. Mama Chekeche hakuitwa kusaidia, alijipeleka. Walifanya kazi mpaka maji yakawa uji, mweupe hapa, na mistari ya manjano pale.

"Nikuulize," mume akasema hatimaye. "Kama ningenyamaza, kweli ungenisema?"

"Ningekusema."

"Mbele ya bosi?"

"Mbele ya bosi, mbele ya dereva wa kliniki, na mbele ya mama yako mzazi."

Akamtazama mkewe, akakuta hatanii. Akavuta boksi jingine, akalikata, akampa chupa ya kwanza.