Unga wa Chapati kwenye Pikipiki ya Bwana Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara, si spana. Nilikuwa kijana wa Miyuji, nimetembea kwa miguu hadi mjini na shati langu la kanisani, nikidhani ufundi ni kushika vyuma vinavyong'aa. Mwenye gereji, iliyokuwa nyuma kidogo ya stesheni ya reli, alikuwa Mhindi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sote tulimwita Fundi Mkuu. Aliniangalia toka juu hadi chini, akacheka.

"Shati zuri," alisema. "Kesho uje na baya."

Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, vijana wangu, na pikipiki hapa Dodoma zilikuwa za kuhesabika. Bwana shamba alikuwa nayo, padri alikuwa nayo, na wafanyabiashara wachache waliojaliwa. Zote zilivuja oili. Injini za siku zile zilifungwa kwa gasketi za karatasi ngumu, yaani kile kipande kinachokaa kati ya chuma na chuma ili oili isipite, na barabara zetu zilizitikisa mpaka nati zikalegea. Mimi na tambara langu tukawa watu wa kufuta. Nilinung'unika sana, mpaka nilipotambua kwamba huko kufuta ndiko kulikonifundisha kuangalia.

Vumbi la Dodoma mnalijua. Oili ikitoka hata kidogo, vumbi linaidaka, linajenga gome jeusi, na injini nzima inaonekana inavuja. Fundi mwenye haraka anaona tone chini, anakaza nati iliyo karibu na tone, anamwambia mteja aende zake. Fundi Mkuu alikuwa akiwaka akiona hivyo. "Oili inateremka, na upepo unaisukuma nyuma," alitufundisha. "Ukiiona chini na nyuma, itafute juu na mbele." Njia yake ilikuwa kuiosha injini kwa mafuta ya taa, kuikausha, kisha kuipaka unga mkavu wa ngano kama unavyompaka mtoto poda. Unawasha, unachuchumaa, unatazama. Weupe utakapoanza kugeuka kahawia, hapo ndipo penye tundu. Unga wenyewe ulitoka jikoni kwa mkewe, Mama Kanta, aliyekaa naye nyumba ya nyuma ya gereji, naye hakuwahi kuutoa kimya kimya.

"Mimi nawapikia chapati watu au pikipiki?" aliniuliza mara nyingi. "Yona, mwambie fundi wako leo atakula plagi!"

Nilikwisha kupewa spana zangu mwenyewe siku alipoingia Ramadhani akiisukuma pikipiki yake. Ramadhani alikuwa mnunuzi wa asali na nta, akizunguka vijijini na madebe yamefungwa nyuma ya kiti, mtu wa mizaha aliyejulikana mpaka Kondoa. Siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja. Huko Kondoa alikuwa amemchumbia binti aitwaye Zuhura. Siku aliyotakiwa kujitambulisha kwa wazee, wazee walikaa, wali ukapakuliwa, ukapoa, yeye amekwama porini na injini iliyokauka oili. Baba yake Zuhura alimpa nafasi moja tu ya mwisho, kwamba nikaha ingefungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri.

"Mzee kasema nisipofika safari hii, nisijisumbue tena," alisema. "Fundi, nampenda yule mtoto wa watu."

"Si upande lori?" nilimuuliza.

"Lori la Kondoa limeondoka jana. Halirudi mpaka wiki ijayo."

Ilikuwa Jumatano. Nilimtazama Fundi Mkuu, naye akapuliza chai yake. "Hiyo ni yako, Yona," alisema, akaendelea kunywa.

Nikaosha, nikakausha, nikapaka unga, nikawasha. Oili ikajichora chini ya kichwa cha silinda, juu na mbele, kama tulivyofundishwa. Nikabadilisha gasketi nikipiga mluzi. Nikapaka unga tena, na safari hii ikatokea kwenye mfuniko wa pembeni. Nikaufungua, nikaufunga upya. Alhamisi asubuhi ikatokea kwenye kitako cha silinda, mahali ambapo jana palikuwa pakavu kabisa. Mluzi ukaniisha. Ramadhani alikuwa ameketi juu ya debe lake akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari, na mimi hofu ikanishika kwelikweli. Mama Kanta alileta bakuli jingine la unga bila kusema neno, na hilo likanitisha zaidi.

Ndipo Fundi Mkuu akaweka kikombe chini. "Unaziba huku, inatokea kule," alisema. "Sasa acha kuuliza inatokea wapi. Uliza nini kinaisukuma."

Nikasimama pale na spana mkononi. Kitu cha kusukuma ndani ya injini ni hewa. Pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda, kila ikishuka huibana hewa iliyo tumboni mwa injini, nayo hewa hutokea kwenye bomba dogo la kupumulia. Bomba la pikipiki ile lilipita nyuma likaishia chini ya kiti. Injini ikiunguruma, ukiweka kiganja pale unasikia inahema. Nikawasha, nikaweka kiganja. Haikuhema.

Nikainama. Mdomo wa bomba ulikuwa umesokotwa kitambaa, kitambaa kimepakwa nta, na juu yake pamezungushwa waya, kazi safi kabisa.

"Ramadhani, hiki nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu. "Ah, hicho nimekiweka mwenyewe! Vumbi la huku si lingeingia ndani? Nikaziba kwa nta, nta bora. Hata maji hayapiti."

"Hata hewa haipiti, ndugu yangu! Umeiziba pua!"

Fundi Mkuu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mtu aliipenda pikipiki yake hata akainyima pumzi, na ile hewa iliyofungiwa ikawa inaisukuma oili kwenye kila mwanya. Nilikata waya, nikang'oa kitambaa, nikawasha. Pumzi ya moto ikanipiga kiganjani, pu, pu, pu, nami nikapiga kelele za furaha hadi wapita njia wakachungulia. Tukapaka unga kwa mara ya mwisho. Ukabaki mweupe.

"Usiufute," Fundi Mkuu alimwambia Ramadhani. "Njiani utakuonyesha kama kuna kitu. Na wewe Yona, panda nyuma. Akikwama, umsukume mpaka Kondoa."

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Tulisimama Chemba kuangalia, na unga ulikuwa umeshika vumbi jekundu kidogo tu, bila oili. Tuliingia Kondoa kabla ya adhana ya alasiri. Wanawake walipoiona injini nyeupe walidhani chombo kimepambwa kwa ajili ya harusi, wakaachia vigelegele. Tukamwamkia mzee shikamoo. Hakuitikia kwanza. Aliinama, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama kidole.

"Marahaba," alisema. "Pakavu. Ingieni, leo wali una moto."

Baadaye nilihamia idara ya barabara, nikakaa kambini Kibaigwa chini ya Bwana Msimamizi, Mwingereza mrefu mwenye maneno machache. Aliponikuta nimeipaka unga injini ya lori aliuliza mkate utaiva saa ngapi, na tangu hapo ndiyo ikawa salamu yake kwangu kila asubuhi. Nilizunguka kambi nyingi baada ya hapo, hata bendera ilipobadilika, na kila nilipopata kazi ngumu nilianza kwa kuweka kiganja penye pumzi. Niliipenda kazi hii, na bado naipenda ingawa magoti hayataki tena kuchuchumaa.

Kwenye sherehe ya kuniaga nilipostaafu niliwasimulia wageni kisa hiki. Zuhura, aliyekuwa ameketi mbele, alimgeukia mumewe. "Kumbe! Si uliniambia mliipamba kwa ajili yangu?" Ukumbi ukaangua kicheko, na Ramadhani akajificha nyuma ya kofia yake. "Na kama ingevuja?" Zuhura akaniuliza. Nikamwambia asingefika. Akamshika Ramadhani mkono, hakuuachia mpaka tulipomaliza kula.

Kesho yake Zuhura alikuja kwangu na mfuko wa unga wa ngano. "Mpe mkeo apike chapati," alisema. "Ila bakiza kidogo. Kijana wetu wa mwisho anaoa Ijumaa, na asubuhi nimeona tone chini ya pikipiki yake."