Kidole Kimoja kwa Mfalme

Sijui hata nani kanituma niwasimulie hili, maana mpaka leo nikilikumbuka nashikwa na aibu na hasira kwa pamoja, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Mnanijua, mimi ni fundi friji wa hapa Musoma, chesi nilikuwaga naichezea tu nyuma ya karakana, ila mwaka huo nikafika fainali kule Bunda, na mshindi ndiye anaingia timu ya mkoa. Wiki mbili nzima nilikariri ufunguzi mmoja, hatua kumi za kwanza, mpaka mke wangu akachoka (nilikuwa nazitaja hata nikiwa natafuna ugali).

Mpinzani wangu alikuwa Nesi Nyangeta wa Kibara, mama mpole mwenye miwani. Nikaanza mimi, nikasogeza askari wa mbele ya mfalme, naye akafanya hivyo hivyo. Sasa hapo ilikuwa zamu ya farasi, mbona nilijua! Lakini nikaona mfalme wangu amekaa upande kidogo, nikaamua nimnyooshe kwa kidole, kama wale wachezaji wakubwa ninaowaonaga kwenye simu.

"Umegusa," Nesi akasema, taratibu kabisa.

Mwamuzi akasogea. "Kaka, kete ukiigusa lazima uicheze. Anayetaka kuinyoosha tu anasema kwanza."

Nikabisha, nikabisha weee, wapi! Na mfalme alikuwa na sehemu moja tu ya kwenda, mbele, katikati ya vita. Wiki mbili zangu zikaishia hapo, hatua ya pili.

Nyuma yangu shemeji yangu Magesa alikuwa anaurushia ukoo mzima mechi kwa simu. "Shemeji," akaninong'oneza, "Mama kule Butiama anauliza mbona mfalme katoka hata chai hajanywa?"

Mama mkwe! Nikachanganyikiwa, hatua chache baadaye nikamshika malkia, nikaona nampeleka mdomoni mwa farasi, nikamwachia haraka.

"Umegusa," Nesi akasema tena.

Ikabidi nimcheze, na kila alikoweza kwenda adui alikuwa anamsubiri; malkia akaliwa. Muda si mrefu mfalme naye akabanwa, basi, kwisha habari.

Nesi akanipa mkono. "Samahani fundi, huo ufunguzi wa kumtoa mfalme mapema unaitwaje? Nimeuandika, nataka nikausome." Wala hakuwa ananicheka, na ndicho kilichoniuma.

Nami kwa kujikaza nikajibu, "Unaitwa Kimusoma."

Sasa huko Bunda mtu akiharibu mwanzoni kabisa, wanasema kafungua Kimusoma. Mimi nimeapa: mechi ijayo naikalia mikono yangu yote miwili, na mfalme akitaka hata ageukie ukutani, shauri yake.