Jino Lililotaka Kuninyima Shamba

Ndugu wasomaji, jino langu la mbele lilivunjika nikifungua soda kwa meno, nikitafuta sifa. Nilipomaliza shule ya usiku na kupata ukarani Nakuru, daktari wa meno alinitilia la bandia, akanionya nisiguse tena chupa kwa mdomo. Jino hilo liling'aa hata watu wa kule mbali Timboroa wangeliona.

Mwaka jana baba alifariki kabla ya kugawiwa shamba alilonunua na wenzake. Nikaitwa Eldoret nichukue sehemu yake. Kwenye foleni ya kugawiwa mashamba niliwahubiria akina mama: "Msifungue chupa kwa meno! Mimi sijawahi. Haya yote ni ya kuzaliwa."

Kumbe kila mrithi lazima atambuliwe na mzee. Mzee Arap Koros, rafiki wa baba, alinitazama sana, akatikisa kichwa.

"Kijana wa marehemu namjua. Alivunja jino kwangu, siku ya harusi, akifungua soda. Huyu ana meno yote. Si yeye."

"Mzee, ni mimi!"

"Wengi wamekuja hapa kudai mashamba ya wafu."

Karani wa ugawaji akashika kalamu kukata jina la baba kwenye orodha. Foleni nzima ilikuwa inaniangalia. Nikaingiza vidole mdomoni, nikalichomoa jino, nikafungua kinywa.

Mama mmoja nyuma akauliza, "Na hilo ni la kuzaliwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Pole kwa baba yako."