Ukumbi Ule Haukuwa na Nguzo

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, tulipopanda vani ya kanisa hapa Louisville kwenda Columbus kumwona mdogo wangu Nestori akicheza. Naikumbuka kwa sababu naionea aibu mpaka leo. Watu husema machozi yakikauka msiba umekwisha. Wangu haujaisha, kwa kuwa ndani yake mna kitu kidogo ambacho machozi hayakisafishi. Kaa nikusimulie. Ukinijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yenu, sitakukasirikia, mradi usikie.

Nestori nilimbeba mgongoni. Sote wawili tulizaliwa Burundi, lakini yeye Burundi hakuikumbuka. Alijifunza kutembea kambini, upande wa Kigoma. Mama yetu alikuwa mtu wa kuuguaugua, basi mtoto akawa wangu. Nilipoanza kufundisha kwaya ya watoto, alikuwa akisimama nyuma yangu na kuiga kila nilichofanya. Hatukuwa na kinanda wala spika. Niliwaambia watoto wasikilize pumzi ya aliye mbele yao, ili wote wainue mguu kwa pamoja. Sikujua kama hilo ni somo. Nilikuwa tu sina ngoma.

Kisha yakaja mambo ya wakimbizi kuhamishiwa nchi za mbali. Waulize wazazi wako, watakuambia kesi ya familia moja, lile faili lao, inavyoweza kukatwa kama mkate. Nestori alikuwa ameandikwa pamoja na baba yetu mdogo, akapelekwa Norwei. Mimi na mama tukaletwa hapa, mtaa wa Iroquois. Mama alipofariki, Nestori alikuwa bado hajapata karatasi za kusafiria. Alimzika mama yake kwa simu.

Huko Norwei alisoma, halafu akawa mcheza dansi. Si dansi ya harusini. Ilikuwa kazi kabisa, ya mkataba na mshahara. Alinieleza kwamba asubuhi wanaanza na mazoezi ya mwili kwenye sakafu ya mbao, mchana wanatengeneza onyesho, wiki baada ya wiki, na onyesho likiisha kila mtu anatafuta kundi jingine na kufanyiwa usaili upya kama hajawahi kucheza. Katikati ya onyesho na onyesho alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Watu wa huku wanakaa kimya, dada," aliniambia. "Kimya kama kwenye sala. Unaweza kudhani wamechukia. Halafu mwishoni wanapiga makofi wote kwa mwendo mmoja, pa, pa, pa, ndipo unajua wamekupenda."

Alinitumia video. Nikamwona ndugu yangu, miguu mitupu, suruali ya kijivu, amelala sakafuni. Anajiviringisha. Anainuka nusu, anaanguka. Hakuna muziki. Niliigeuza simu kifudifudi juu ya meza, kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua wageni wasione.

Wakati ule nilikuwa kijana, mwanangu, ndiyo kwanza nimeanza kuheshimiwa. Nilikuwa nasimamia zamu kwenye ghala kule Shively, na Jumapili naongoza kwaya ya akina mama. Wenzangu walikuwa na ndugu wauguzi, na ndugu wanaoendesha malori Kanada. Mimi ningesema nini? Kwamba wangu kazi yake ni kuanguka?

Basi Nestori aliponiambia kundi lao limealikwa kucheza Columbus, na Mama Mchungaji akaniuliza wanacheza nini, nilimjibu, "Ngoma za kwetu. Zile kubwa za kifalme, wanaume wanapiga huku wanaruka." Nilisema hivyo nikimtazama machoni. Hakuna aliyenilazimisha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na mimi nilijikwaa ulimi kwa kukusudia. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani ngoma zitatokea zenyewe.

Siku moja kabla ya safari Nestori akapiga simu.

"Dada, nina ombi moja. Kwetu Norwei, siku ya kwanza ya onyesho, kila mcheza dansi hupewa viti viwili vya ndugu. Wenzangu huleta wazazi wao, wanakuja na maua. Vyangu huwapa fundi wa taa na mke wake. Sasa kesho, tukimaliza, watatuuliza maswali mbele ya watu. Huwa wananiuliza nilijifunza wapi. Nitakutaja, halafu nitakuita. Usimame tu. Usiseme kitu. Nataka wenzangu waone kwamba nina watu."

"Nitasimama," nikamwambia. "Hilo nalo ni la kuomba?"

Nusu ya kwaya ilikuja. Akina mama walivaa imvutano, vazi letu la sherehe lile la kufungwa begani, zile mpya zilizotoka Bujumbura. Deo, dereva wetu, mtu wa mzaha asiyenyamaza hata kwenye matanga, alisema njia nzima, "Leo Columbus itatikisika. Wazungu wataomba maji." Kutoka Buffalo alikuja Mama Mkubwa Ansila, dada wa mama yetu. Alitoka kazini, kiwandani kule Tonawanda, akapanda basi bila kulala, mkononi mfuko wa sambusa za Nestori.

Taa zikazimwa. Akina mama wakaweka mikono karibu na midomo, tayari kwa vigelegele. Ikawaka taa moja hafifu, na ndani yake watu wanne wamesimama, miguu mitupu. Wakasimama. Wakazidi kusimama.

"Ngoma zimebaki uwanja wa ndege," Deo akanong'ona.

Wale wanne wakaanza kupumua kwa sauti. Kisha Nestori akaanguka. Akainuka. Akaanguka.

"Yesu wangu," Mama Mkubwa akasema, wala hakunong'ona. "Ameanguka tena. Huyu mtoto amekula kweli?"

"Mama, analipwa kwa kila anapoanguka," Deo akasema. "Mimi mwaka jana nilianguka kwenye barafu bure kabisa."

Safu yetu yote ikatikisika kwa kicheko. Watu wa mbele wakageuka kututazama. Na mimi nilicheka, mwanangu. Hilo sitakuficha. Nilicheka kuwashinda wengine, ili ionekane kwamba yule aliye pale chini na mimi hatujuani.

Mama Mchungaji ndiye ambaye hakucheka. Aliniinamia akauliza taratibu, "Spes, ngoma zinakuja baadaye?"

"Labda wamebadilisha," nikamjibu. Uongo hauzai mtoto mmoja.

Onyesho likaisha. Wenyeji wakapiga makofi, sisi tukapiga ya adabu. Wale wanne wakaletewa viti, na mama mmoja wa ukumbi ule akaanza kuwauliza maswali. Zamu ya Nestori ikafika. Alikuwa bado anatoka jasho. Akaulizwa, kama alivyosema ataulizwa, nani alimfundisha.

Alijibu kwa Kiingereza. Alisema kambini palikuwa na kwaya ya watoto isiyo na chombo hata kimoja, na mwalimu wake aliwafundisha kucheza kwa kusikiliza pumzi ya mwenzio. Akasema kila dansi aliyopata kuitengeneza huanzia hapo. Akasema mwalimu huyo ni dada yake, na yumo humu ndani. Kisha akaacha Kiingereza.

"Dada Spes. Simama."

Aliinua kiganja juu ya macho kuzuia mwanga wa taa, akaanza kutafuta safu kwa safu. Nilikuwa namwona vizuri. Nilihisi Mama Mchungaji ananigeukia, na Deo, na imvutano zote zile zilizopigwa pasi kwa ajili ya uongo wangu. Magoti yangu yalikuwa mazima. Niliinama nikashika kamba ya kiatu, nikaifungua, nikaifunga.

"Dada?" akaita tena. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Ndipo kiti kikalia mwisho wa safu. Alikuwa Mama Mkubwa Ansila, yule yule aliyekuwa akiuliza kama mtoto amekula. Alisimama na mfuko wake wa sambusa, kanga imemteleza kichwani.

"Niko hapa, mwanangu!" akapaza sauti. "Watu wako tuko hapa!" Akapiga kigelegele kirefu, cha harusi kabisa, na ukumbi mzima ukaanza kumpigia makofi. Nestori akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Alitabasamu. Lakini alijua sauti ile si yangu.

Baadaye alitokea sebuleni kwa wageni, taulo shingoni. Akamkumbatia Mama Mkubwa, akala sambusa palepale akiwa amesimama, akawasalimia wote kwa heshima, mpaka Deo. Mimi aliniacha mwisho. Nilitamani anitukane.

"Dada," akasema, "nilikutafuta. Nadhani ulikaa nyuma ya nguzo."

"Ndiyo," nikasema. "Palikuwa na nguzo."

Mwanangu, ukumbi ule haukuwa na nguzo hata moja. Yeye alikuwa amecheza ndani yake, alijua kila kona. Alinipa uongo huo kama mtu anavyompa mwenzake shuka ajifunike, na mimi nikaupokea, nikajifunika.

Mama Mkubwa alinifuata nje, kwenye maegesho, wengine walipokuwa wakipanda vani. Hakupiga kelele.

"Wewe mtoto. Kule hapakuwa na nguzo."

"Mama Mkubwa, ile dansi mimi sikuielewa. Watu walikuwa wanacheka."

"Nani aliielewa? Mimi nilipigana na usingizi, Mungu anisamehe. Na mzaha wangu uliusikia. Lakini mtoto ameita. Nani alikufundisha kwamba ndugu anaeleweka kwanza ndipo anaitikiwa? Mcheza kwao hutunzwa, Spes. Huyu ametoka Norwei mpaka hapa kutafuta kwao. Kwao ni wapi, kama si kwako?"

Akanifunga vifungo vya koti kama mtoto, maana upepo ulikuwa mkali, akaenda kutafuta basi lake la Buffalo.

Ungedhani nilimpigia Nestori simu wiki ile ile. Sikupiga. Tuliendelea kuongea, naam, habari za hali ya hewa, habari za baba mdogo, lakini neno la nguzo sikulitaja, naye hakulitaja. Kila alipokuwa na onyesho jipya alisema, "Nimekuwekea viti viwili, dada." Mwaka huu nilikuwa nangoja uraia, mwaka ule likizo kazini imekataliwa. Sababu zilikuwa za kweli. Lakini mtu anaweza kujificha nyuma ya sababu ya kweli vilevile kama nyuma ya nguzo isiyokuwapo. Nilijiambia nitakwenda, nitakaa mbele kabisa, nitasimama hata kabla hajaniita.

Akapata ugonjwa wa damu. Hakuugua muda mrefu.

Mazishi tuliyatazama Buffalo, sebuleni kwa Mama Mkubwa, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kanisa la kule Norwei lilikuwa kimya kama alivyosema. Kamera ilionyesha viti vya mbele. Baba mdogo alikuwa peke yake upande wa ndugu, mzee sana, na pembeni yake fundi wa taa na mke wake. Mchungaji wa kule akasema maneno kwa lugha yao, nikashika moja tu, jina la ndugu yangu.

Nikasimama. Sikupanga. Nilisimama katikati ya sebule, mbele ya simu ndogo, watu wengine wamekaa, mwenye kikombe ana kikombe. Nikaona upuuzi wangu, nikataka kukaa.

"Simama tu," Mama Mkubwa akasema. "Umechelewa, lakini simama." Naye akashika mkono wa kochi, akajiinua taratibu kwa magoti yake yale ya kiwandani, akasimama karibu nami mpaka jeneza likatolewa.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua, tunakaa naye nyumba moja.

Basi sikia neno langu. Wewe una kaka anayetengeneza mambo kwenye kompyuta ambayo baba yako hayaelewi, una dada anayeimba nyimbo ambazo kanisani tunazikunjia uso. Sikuambii uzipende. Sikuambii uzielewe, maana kuna vingine havieleweki hata kwa anayevifanya. Nakuambia tu, damu yako ikikuita mbele za watu, simama. Wenzako wakicheka, wacha wacheke. Deo alicheka, na baada ya wiki moja alikuwa amesahau. Na kama siku moja ulibaki umekaa, usipokee nguzo unayopewa kwa huruma. Sema siku ileile, "Hapakuwa na nguzo, niliona aibu, nisamehe." Ni maneno machache. Mimi nimeyabeba miaka yote hii na sina tena wa kumpa, ndiyo maana nimekupa wewe.

Mungu akupe ndugu wa kukuita, na awaache hai mkasikilizane pumzi. Akupe miguu myepesi siku hiyo. Na wewe utakapoita, mwanangu, ukiweka kiganja juu ya macho na kutafuta safu kwa safu, akujalie kiti kilie mapema.