Shina Lenye Kitambaa Chekundu

Sogea, msikilizaji wangu, na kama unamenya majani ya maboga, endelea tu kumenya. Vunja kikonyo, vuta uzi wake taratibu mpaka ufike kwenye jani, kisha nusa vidole. Harufu hiyo mbichi hunirudisha kwenye kijiji chetu kipya, karibu na Vwawa. Hunirudishia pia hasira ambayo haijapoa, nami sasa nina wajukuu.

Enzi za vijiji vya ujamaa tulihamishwa kutoka mlimani, tukapangwa nyumba kwa mistari. Mama aliacha kahawa, zizi, na bustani iliyonona kwa samadi ya miaka mingi. Alibeba kibuyu kidogo chenye mbegu za maboga zilizochanganywa na majivu, alizopewa na mama yake. Alizipanda zote mbele ya nyumba, maana nyuma kulikuwa na mawe matupu. Shina moja akalifunga kitambaa chekundu.

“Mengine tutachuma majani,” alinieleza. “Hili ni la mbegu. Usiliguse.”

Asubuhi moja mama alikuwa kwenye shamba la kijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi akanikuta nafagia. Wageni wa wilayani walikuwa njiani.

“Neema, ng'oa uchafu huu. Mistari haionekani.”

“Hata lenye kitambaa, balozi?”

“Kitambaa ndiyo nini? Ng'oa.”

Nikang'oa yote, tena kwa bidii, nikasifiwa. Mkewe akaja na ungo kukusanya majani. Nilidhani ni ya mbuzi.

Mama akarudi, akayaona mashina yaliyong'olewa. Aliokota kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa balozi, mimi nyuma yake. Wageni walikuwa wanakula ugali na majani yetu, yameungwa kwa karanga. Mama akapiga goti, akasalimia kwa adabu zote.

“Karibuni, wageni wetu. Hiyo mboga ndiyo uchafu tulioambiwa tung'oe leo. Mnaionaje?”

Mgeni mmoja alibaki na tonge mkononi. “Tamu, mama,” akasema polepole.

“Mama Neema, nenda nyumbani, tutaongea,” balozi akasema. Hawakuongea kamwe.

Wiki nzima nilimnunia mama kwa kutuaibisha mbele za watu. Mwaka uliofuata nikaomba boga la kuchemsha, lile jeupe lenye unga kama kiazi. Akaniinamishia kibuyu kiganjani. Yakamwagika majivu matupu. Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa mama kwenda kwa balozi, na nyingine ikabaki kwangu, kwa mikono yangu iliyotii haraka hivyo. Nimelitafuta boga lile masokoni, toka Tunduma hadi Itumba. Sijaliona tena.

Basi fanya hivi. Chagua shina moja, lifunge kitambaa, usilichume. Liache boga mpaka kikonyo kikauke, toa mbegu, zianike kivulini, zichanganye na majivu. Msimu ukifika, panda nusu. Nusu ficha.