Vidonge vya goti langu na huzuni ya Zawadi

Siku ile nyumbani Gihundwe tulikuwa wanne: mimi, binti yangu wa pili Feza, mtoto wake Zawadi anayeniita Koko, yaani bibi, na Maman Devota, muuguzi, mjane wa mdogo wangu Kalisa.

Zawadi alikuwa amelemewa na huzuni, na daktari alimpa dawa. Mimi nilikuwa na zangu, ibuprofeni za goti. Goti likitulia, hata moyo wangu unakuwa mwepesi. Basi wiki mbili nilimpa Zawadi kidonge changu kila asubuhi, mama yake asijue, mimi nikabaki nachechemea. Akaanza kucheka. Nikajisifu mbele ya wote: "Ni vidonge vyangu vimemuponya!"

Maman Devota aliruka. "Eh, wifi! Kama vinasaidia huzuni, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ukivichanganya na dawa yake, tumbo linaweza kutoka damu!"

Zawadi akafungua mkoba wake, akanimwagia vidonge vyote mapajani.

"Koko, sikumeza hata kimoja. Niliogopa kukukatalia. Nilikuwa nacheka namna unavyotembea kama bata."

Feza alicheka mpaka akakaa chini. Kama nimekosea jambo, waliokuwepo munisahihishe, ila hilo la bata nalikumbuka vizuri.