Sakafu ya Ndege wa Kisale

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kamina, nilipewa buti kubwa kuliko miguu yangu na kofia iliyonifunika masikio. Nilikuwa nimejiandaa kukimbizana na majangili. Chef wa bureau, yaani mkuu wa ofisi yetu, mzee mpole aliyependa kuongea huku amefumba macho, alinipeleka nyuma ya jengo akanionyesha kichaka.

"Unaona nyama?" aliniuliza, maana kwetu mnyama wa porini huitwa nyama.

"Hapana, Chef."

"Usitafute nyama. Angalia kwanza majani. Majani ikikwisha, nyama pia inakwisha, hata kama hakuna muntu mwenye anaipiga."

Nilidhani mzee amechoka. Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mnaita jambo hilo makazi, yaani mahali mnyama anapolala, anapokula na anapozalia. Mimi nilichukua miaka kulielewa.

Kutoka hapo nilipelekwa Bukama, kukagua mizigo stesheni. Magunia ya makala, yaani mkaa, yalirundikana hadi karibu na reli, na yote yalikuwa miti iliyokuwa ikiwafunika wanyama. Hata wawindaji walikuja kunilalamikia, mimi garde, askari wa wanyama, eti swala wamewanunia. Swala hawakumnunia mtu. Walikosa pa kujificha, wakaenda zao.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kinkondja, kwenye ziwa Kisale. Ziwa lile lina visiwa vinavyoelea, mafunjo yaliyoshikana mizizi, na wavuvi hujenga nyumba juu yake. Chini huoza polepole, kwa hiyo kila mara unaongeza tabaka jipya juu, la sivyo maji yanaingia chumbani. Katika mafunjo hayo hayo alizalia ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mnene kama kiatu cha mti. Kwa Kifaransa anaitwa bec-en-sabot. Husimama tuli asubuhi nzima akimngoja kambare mmoja. Nilimpenda ndege yule, sioni aibu kusema.

Basi ukingo ukachomwa ili kupata mashamba, mafunjo yakakatwa, samaki wakakosa pa kutagia. Ndege wale walipungua hadi tukabaki tunaijua jozi moja tu. Msimu mmoja upepo uliking'oa kisiwa chao, chenye kiota na kinda ndani yake. Hakukuwa tena na mafunjo ya kukizuia, kikaelea hadi mlangoni pa Mama Ilunga, mjane aliyekuwa akikausha samaki. Mimi na chef de poste, mkuu wa kituo chetu, tulifika kwa mtumbwi tukamkuta ameshika panga, tayari kukata mafunjo ya kisiwa kile.

"Mama Ilunga, usikate," nilimwambia.

"Papa garde, ingia kwanza uone."

Ndani, binti yake alikuwa amelala na mtoto mchanga, na mkeka ulikuwa umelowa maji.

"Mujukuu wangu analala mu maji," alisema. "Mafunjo ya karibu yote balishachoma. Hii, Mungu njo ameniletea. Weye unanikataza. Nitamulalisha wapi?"

Sheria ilimruhusu chef kumhamisha Mama Ilunga siku ile ile, na niliogopa kwamba atafanya hivyo. Chef aliinama, akaugusa ule mkeka uliolowa.

"Mama, ile ndege iko na mutoto, na binti yako iko na mutoto," alisema. "Ngojea tu ile ya ndege iruke. Sakafu yako, shiye tutaitengeneza."

Tukabeba nyasi kavu na mabua kutoka nchi kavu. Chef alijitwika mzigo kichwani, na sare yake mwilini, wanawake wakamcheka mpaka naye akacheka. Mama Ilunga alichomeka miti kuzunguka kisiwa cha ndege, akakifunga kwa kamba kwenye chake ili upepo usikichukue tena. Wazazi wa kinda walisimama mbali kwanza, kisha wakarudi kulisha.

Kinda liliporuka, Mama Ilunga aliuliza, "Sasa nikate?"

"Kata, Mama," chef alimjibu.

Alikata upande mmoja, akafika kwenye kiota, akaweka panga chini. "Hapa haina yangu," alisema.

Sasa nimestaafu, ninalima mihogo nyuma ya nyumba. Watu huniuliza tulilinda nini, maana wanyama walipungua mbele ya macho yetu. Ni kweli, mahali pengi tulishindwa. Bunduki yangu haikuweza kumlinda ndege ambaye kitanda chake kinachomwa.

Juzi Ilunga, mwana wa kiume wa Mama Ilunga, aliyekuwa mvulana wakati ule na sasa ni mtu mzima, alileta samaki kuuza Kamina akapita kunisalimia. Nilimuuliza kama ndege walirudi.

"Haiyarudi bado, Papa. Lakini wakati Mama anatengeneza sakafu ya nyumba, anaongeza mafunjo na pale pa kiota. Kila mwaka. Anasema siku ile ndege itakuya, isikute maji."

Nililia, na Ilunga akajifanya anapanga samaki wake.